Kuwaonyesha watoto wanyamapori wakati wa vuli: niwachukue hadi Voi au tuanzie hapa Nairobi?

SWALI
Fundi wa Visima, Donholm

Ndugu zangu, natumaini mu wazima. Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza pampu za visima virefu, na kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba mwajiri wangu hunituma mara kwa mara katika kaunti ya Taita Taveta, kwa kuwa mwisho wa kiangazi ndio wakati ambapo pampu nyingi huharibika baada ya kufanya kazi mchana na usiku kwa miezi mfululizo. Tunasafiri kwa gari la ofisi kupitia Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na kutoka hapo hadi Voi barabara hukata katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa hiyo mara nyingi wanyama huwa ndio wanaotupokea kabla ya wenyeji.

Katika safari ya hivi karibuni tulisimama karibu na Manyani kwa sababu lori lilikuwa limeharibika mbele yetu. Chini ya tuta la SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, palikuwa na kundi la tembo, wote wekundu kwa udongo wa Tsavo. Ndama mmoja alikuwa aking'ang'ania shina la nyasi kwa mkonga wake, likimponyoka kila alipolivuta, hadi mama yake alipolipiga teke kwa ncha ya unyayo, mizizi ikalegea, ndipo yule mdogo akaling'oa na kulitia kinywani pamoja na udongo wake. Niliporudi nyumbani na kusimulia, binti yangu wa miaka tisa aliniuliza kwa nini mimi huwaona tembo kazini ilhali yeye huwaona kitabuni tu. Sikuwa na jibu, na ninaamini mtoto aliyezaliwa Nairobi ana haki ya kuwaona wanyama hawa kwa macho yake kabla hajawa mtu mzima.

Shule zitafungwa mwishoni mwa Oktoba. Nina binti huyo, kijana wa miaka mitano, mke wangu, na mama yangu mzazi ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu. Gari letu ni dogo, la chini, si la kupanda milima. Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, kuna ubaya wowote nikiwachukua katika safari yangu ya kazi, wakae Voi mimi nikishughulikia visima, kisha siku ya mwisho tuingie mbugani? Pili, je, vuli ni wakati unaofaa, au tutalipa kiingilio na kuona matope peke yake? Tatu, ikiwa ni afadhali kuanzia hapa Nairobi, tuanzie wapi? Natanguliza shukrani.

JIBU
Dereva wa Watalii, Mstaafu

Ndugu fundi, swali lako la pili ndilo lililobeba mengine yote, kwa hiyo nitaanzia hapo. Nimewaendesha wageni katika mbuga za nchi hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba mnyama hafuati ramani ya mbuga bali hufuata maji na majani. Wakati wa kiangazi maji hubaki mahali pachache: mtoni, kwenye bwawa, kwenye kisima kilichochimbwa. Ukikaa hapo kwa utulivu, kila mnyama atakuja kwako. Mvua ikishanyesha vizuri, kila shimo linakuwa na maji na kila mahali panachipua nyasi, na wanyama hutawanyika. Hawajapungua, ila wamekwenda kula mahali pengine, na vichaka vilivyokuwa vikavu sasa vina majani yanayoweza kumficha tembo mzima hatua chache kutoka barabarani.

Kwa Tsavo hili ni muhimu sana, kwa sababu mbuga hizo mbili kwa pamoja zina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 20,000. Tembo akiamua kuondoka kando ya Mto Galana au bwawa la Aruba, anayo nchi nzima ya kutembea. Kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua kushika, utawaona kwa wingi. Mwishoni mwa Novemba, baada ya mvua nzuri, unaweza kuzunguka asubuhi yote na kurudi na picha za digidigi. Ningekuwa wewe ningeiacha Tsavo hadi Januari au Februari, nchi ikishaanza kukauka tena.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi nayo ina tabia hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini, na eneo lake ni kilomita za mraba 117 tu. Ina ua upande wa mji, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, imeachwa wazi ili wanyama waweze kwenda na kurudi katika tambarare za Kitengela na Athi-Kapiti. Zamani nyumbu na pundamilia waliingia mbugani wakati wa kiangazi kwa maelfu kwa ajili ya mabwawa, na mvua ziliponyesha walitoka kwenda kula huko nje. Siku hizi njia hizo zimebanwa na nyumba, nyua na machimbo ya mawe, na nyumbu wamepungua sana. Hili linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Hata hivyo vifaru weusi, nyati, twiga, simba na swala hubaki ndani mwaka mzima, na kifaru wa Nairobi ni rahisi kumwona kuliko wa mbuga nyingi kubwa. Tembo wa porini hakuna hata mmoja. Mwambie binti yako mapema, asije akavunjika moyo.

Sasa barabara. Sehemu kubwa ya mbuga ya Nairobi ina ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kugeuka gundi mvua inaponyesha. Gari dogo la chini linaweza kupita vizuri katika barabara kuu zilizomwagwa changarawe, lakini usikubali kushawishika kuingia njia za pembeni kwa sababu umeona magari mawili ya watalii yamesimama huko. Magari hayo yana magurudumu yanayovuta yote manne, na dereva wake anajua ni wapi pa kugeuzia. Ikiwa mvua ilinyesha usiku kucha, ahirisha. Ikiwa ilinyesha juzi na jana palikuwa na jua, nenda, na ufike langoni saa kumi na mbili asubuhi lango linapofunguliwa, maana simba huwa bado hajalala na taa za mji huwa hazijazimwa.

Jambo la mwisho: vuli haifanani mwaka hadi mwaka. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huwa nyingi kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 2019 na 2023. Hali ikigeuka, mvua hukosekana, na mwaka 2022 tuliona matokeo yake: serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo ukame uliua tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Kwa hiyo usikasirike mvua ikikuharibia matembezi. Soma utabiri wa vuli ambao Idara ya Hali ya Hewa huutoa kabla ya msimu kuanza, kisha upange.

JIBU
Karani wa Uchukuzi

Nitagusa swali la kwanza pekee, kwa sababu ndilo ninaloshughulika nalo kila siku. Kaka, usiwapakie mkeo na watoto katika gari la ofisi bila kibali cha maandishi, hata kama dereva ni rafiki yako na kiti kiko wazi. Gari la kazi huandikiwa safari maalumu na watu maalumu, na bima yake mara nyingi huwa na masharti yanayofuata karatasi hiyo. Ajali ikitokea, Mungu apishe mbali, swali la kwanza litakaloulizwa ni nani alikuwa ndani na kwa idhini ya nani. Nimeiona familia moja ikihangaishwa kwa miezi kuhusu gharama za hospitali kwa sababu jina la mtoto halikuwa mahali popote.

Tena fikiria siku zenyewe zitakavyokuwa. Wewe utaondoka alfajiri kwenda kisimani na kurudi jioni ukiwa na mafuta ya mashine mikononi, na wao watakuwa wameketi katika chumba cha wageni Voi, kwenye joto, wakikungoja. Hayo si matembezi ya familia. Posho ya safari nayo imepigiwa hesabu ya mtu mmoja. Ikiwa unataka kuunganisha, maliza kazi, omba siku mbili za likizo, rudisha gari la ofisi pamoja na wenzako, na familia yako ikufuate kwa treni kwa nauli yenu wenyewe. Hapo hakuna atakayekuuliza lolote.

JIBU
Mpenda Ndege, Karura

Mzee dereva amesema kweli tupu kuhusu tembo na nyumbu, lakini naomba kutofautiana naye katika jambo moja. Vuli inafaa sana kama mtakubali kuinua macho juu. Katika miezi hii Ulaya na Asia ya kaskazini baridi inaanza kuingia, wadudu wanatoweka, na mamilioni ya ndege wanakimbilia kwetu. Mbayuwayu wanaoonekana wakikatakata hewa juu ya mabwawa ya mbuga ya Nairobi mwezi Novemba walilea makinda yao chini ya mapaa ya nyumba za Ulaya au Asia miezi michache tu iliyopita. Keremkerem wa Ulaya hupita juu ya mitaa yetu kwa makundi kuanzia Septemba, na mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona, wakiitana kwa sauti laini ya mbinja. Korongo weupe huja, na tai wa nyika za Asia huja pia.

Kati ya wote, ninayempenda zaidi ni kozi wa Amur. Ni ndege mdogo, dume lake ni la kijivu cha giza lenye miguu ya rangi ya chungwa, na huzaliana kaskazini mashariki ya Asia, kisha husafiri kupitia India na kuvuka Bahari ya Hindi bila kutua, hadi Afrika Mashariki na baadaye kusini. Hapa kwetu hupita hasa Novemba na Desemba, akifuata mvua, kwa sababu mvua za vuli huwatoa kumbikumbi ardhini. Watoto wanaowajua kumbikumbi kwa shangazi zao wa magharibi mwa Kenya wataelewa mara moja. Simameni mahali palipo wazi jioni baada ya mvua, kumbikumbi wakiwa wanapaa, na mkibahatika mtawaona kozi hao wakiwanasa hewani kwa kucha na kuwala bila kutua. Hiyo ni safari ya nusu dunia, na mtoto wa Donholm anaweza kuitazama bila kulipa senti.

Fundi, kwa kuwa kazi yako ni ya upande wa Tsavo, hili litakuvutia. Katika Tsavo Magharibi, kwenye vilima vya Ngulia, kila mwaka Novemba na Desemba wataalamu na watu wa kujitolea huwanasa ndege wahamiaji kwa nyavu nyepesi, huwapima, huwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachilia. Kazi hiyo ilianza mwaka 1969. Katika usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege waliokuwa wakisafiri gizani hupotewa na njia na huvutwa na taa za hoteli iliyopo hapo. Wengi wao ni ndege wadogo wa vichakani wenye uzito wa gramu 12 hivi, na pete zilizovishwa hapo zimepatikana hadi Urusi na nchi za Uarabuni. Mimi nimewahi kumshika mmoja mkononi kabla ya kumwachilia: moyo wake ulikuwa ukipiga kwa kasi isiyohesabika, na chini ya ngozi ya tumbo ilionekana akiba ya mafuta ya rangi ya manjano aliyoibeba kwa ajili ya safari. Sijui kitabu kinachoweza kumfundisha mtoto kilichomo katika dakika hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la tatu ni kwamba mwanzie karibu kabisa. Msitu wa Karura una njia zilizofagiliwa, kuna kima na mbega, kuna paa wadogo, na gari mnaliacha langoni. Azimeni darubini moja tu, mpokezane. Mkishazoea kutazama kwa subira, mbuga itawapa mara mbili ya wanachoona wengine.

JIBU
Mwalimu wa Rongai

Mimi huwapeleka wanafunzi matembezini, kwa hiyo nitasema yanayohusu watoto wa umri huo. Kijana wa miaka mitano atachoka ndani ya gari baada ya saa tatu, na akichoka yeye, mmechoka nyote. Gaweni siku. Asubuhi mapema mbugani, kisha saa tano mfike katika kituo cha kulelea tembo yatima cha Sheldrick, kilichopo Lang'ata, pembeni mwa mbuga hiyo hiyo ya Nairobi, ambapo wageni huruhusiwa kwa saa moja, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Ni lazima kuweka nafasi mapema, na wakati wa likizo nafasi huisha haraka. Hapo binti yako atawaona tembo wadogo wakinyweshwa maziwa kwa chupa kubwa na kujigaragaza katika tope jekundu, na mama yako anaweza kutazama bila kutembea mbali. Tena kuna uhusiano na kazi yako: tembo hao wakikua huhamishiwa upande wa Tsavo, na mojawapo ya vituo vya kuwarudisha porini iko Voi. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya tembo unaowaona njiani walilelewa Lang'ata.

Kituo cha Twiga, Lang'ata hiyo hiyo, kinafaa sana kwa mdogo, kwa kuwa twiga hulishwa kutoka kwenye jukwaa lililoinuliwa na mtoto humtazama ana kwa ana. Ulimi wake ni mrefu, wa rangi ya zambarau iliyokolea na unakwaruza kidogo. Wengine hucheka, wengine hulia.

Mtu atakushauri mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kwa sababu hapo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nairobi. Ni mahali pazuri sana wakati wa kiangazi. Wakati wa vuli ninaomba mkae juu, katika bonde pana lenye magenge, na msishuke kabisa katika bonde jembamba lenye kuta za mawe lililoko humo. Mwezi Septemba 2019 watu saba walipoteza maisha humo baada ya mafuriko ya ghafla, na hatari yenyewe ni kwamba mvua inaweza kunyesha mbali juu ya milima wakati ninyi chini mna jua na anga safi. Maji hayatoi taarifa. Mzazi akiniuliza kama kuna njia ya kushuka salama katika msimu huu, humjibu kwamba ipo, nayo ni kungoja Januari.

Mambo madogo mawili. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa, kwa hiyo bebeni maji katika chupa za kudumu na chakula katika vyombo vya nyumbani. Na malipo ya kiingilio hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Yafanyeni usiku uliotangulia, nyumbani, mkiwa na vitambulisho mkononi, badala ya kuhangaika na mtandao langoni huku watoto wakinung'unika. Mkisimama kula, funga madirisha ya gari. Nyani wa huko wanajua kufungua vyombo.

FUNDI WA VISIMA (mwuliza swali)

Nawashukuru kwa dhati. Karani, umeniokoa, nitaliacha wazo la gari la ofisi na nimeshamwandikia msimamizi wangu kuhusu siku za likizo. Mwalimu, mpango wa mbuga asubuhi na tembo yatima saa tano nimeupokea kama ulivyo. Dada wa Karura, binti yangu amesoma maneno yako kuhusu kozi na tangu hapo anatazama angani kila jioni kutoka kwenye roshani.

Nimebaki na maswali mawili kwa mzee. Kwanza, mama yangu hawezi kuinama na kuinuka mara kwa mara, na njia ya mbugani ina mitikisiko. Je, kuna mahali ndani ya mbuga ya Nairobi ambapo anaweza kushuka na kuketi kwa usalama? Pili, tukingoja Januari ili twende Voi kwa treni, tutaona chochote kutoka dirishani, au reli iko juu mno?

JIBU
Dereva wa Watalii, Mstaafu

Mwanangu, mama asikutie wasiwasi. Mahali pa kwanza ni pale pembe za ndovu zilipochomwa, ambapo Rais Moi aliwasha moto tani 12 mwaka 1989, na mwaka 2016 zikateketezwa tani 105 nyingine. Ni karibu na lango kuu, barabara yake ni nzuri, watu huruhusiwa kushuka, na pana mahali pa kuketi na vyoo. Majivu bado yapo. Mama wa umri wake anaikumbuka miaka ile ambapo ujangili ulikuwa ukiwamaliza tembo wetu, na ningependa awe yeye ndiye atakayewaeleza wajukuu mbele ya majivu hayo, maana mimi na wewe tutawaambia tarehe lakini yeye atawaambia hali ilivyokuwa. Baada ya hapo mpeleke kwenye kilele cha kutazamia kiitwacho Impala, ambapo mtaona nyika yote kwa chini. Mwekee mto mgongoni, mkalishe kiti cha mbele, na uende mwendo wa kilomita 20 kwa saa hata kama wanaruhusu 40. Kule kwenye viboko, kando ya Mto Athi, pana matembezi mazuri yanayoongozwa na askari wa wanyamapori, lakini si ya magoti yake. Mke wako na watoto wanaweza kwenda huku wewe ukikaa naye.

Kuhusu treni, chukueni ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati, kwa maana ya alasiri huenda moja kwa moja na giza litawakuta njiani. Reli kuwa juu ya tuta ni faida kwenu, kwa sababu mnaona juu ya vichaka ambavyo mtu wa gari haoni kilicho nyuma yake. Baada ya Mtito Andei watoto wasilale. Tembo hupita chini ya reli katika njia zilizojengwa kwa ajili yao, na mara nyingi huonekana wakielekea huko au wakitoka. Kaeni pande zote mbili za behewa kama nafasi zinaruhusu, mwitane mmoja akiona kitu.

Mkifika Voi, kodisheni gari la mwenyeji kwa nusu siku badala ya kuzunguka hoteli hadi hoteli. Madereva wa huko wanajua tembo walikunywa wapi jana. Mlale ndani ya chandarua, kwa sababu Voi si Nairobi na malaria ipo, hasa majuma yanayofuata mvua. Mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga kwa huyo mdogo kabla ya kuondoka. Na kama kazi itakulazimu wewe kurudi kwa barabara baada yao, usipite kati ya Voi na Mtito Andei usiku. Tembo mwekundu kwenye lami gizani haonekani hadi umemfikia.